Madam Asidi wa Navakholo

Kazi yangu ni kupima udongo. Niko katika maabara ndogo ya kilimo hapa mjini Kakamega, chumba chenye dirisha moja, mizani, na rafu iliyojaa udongo wa watu. Wakulima huuleta kwa namna zote: kwenye mifuko ya unga, kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia, na mara moja kwenye soksi ya shule iliyofungwa fundo. Mimi huukausha, nikauchekecha, nikaupima, kisha nikamwandikia mwenyewe karatasi ya majibu. Kwa miaka kumi na minne niliiandika karatasi hiyo kwa Kiingereza kilichonyooka, na nilijivunia sana Kiingereza hicho.

Jumapili moja nilienda Navakholo kumsalimia Teresa, dada ya baba yangu, ambaye sisi humwita senge. Tukapitia kwa jirani yake kuchukua mbegu za mboga. Nikiwa nimesimama mlangoni nikaona karatasi yangu, yenye sahihi yangu, imebandikwa dirishani mahali kioo kilipovunjika.

"Daktari," mwenye nyumba akaniambia kwa heshima kubwa, kwa maana huko kila mtu wa maabara ni daktari, "karatasi yako ni nzuri. Mvua imepiga mwaka mzima na haijapasuka."

Nikamuuliza kama alifuata ushauri ulioandikwa pale.

"Kumbe kuna ushauri?"

Mtu mwenye akili angeanza hapo hapo kuandika kwa Kiswahili. Mimi nilienda semina. Ilikuwa ya siku mbili, kule Kisumu, kuhusu namna wanasayansi wanavyoweza kuwafikia wananchi kupitia mitandao ya kijamii. Nilirudi kama mtu aliyeokoka. Kabla sijafungua hata begi nilikuwa nimeunda kundi la WhatsApp na ukurasa wa Facebook, vyote kwa jina moja: Sayansi kwa Lugha Yetu. Nikaingiza kila mtu kwenye simu yangu aliyewahi kushika chupa ya maabara. Baada ya mwezi mmoja tulikuwa sitini na watatu: wauguzi, wapimaji wa maji, walimu wa kemia, watafiti wa wadudu wa msituni, na watu wawili ambao hadi leo sijui ni akina nani.

Nikaandika katiba ya kundi. Kurasa tisa, kwa Kiingereza. Salamu yangu ya kwanza kwa kundi la Sayansi kwa Lugha Yetu nayo ilikuwa kwa Kiingereza, na watu arobaini wakaijibu kwa Kiingereza. Hakuna aliyecheka. Sisi sote tulikuwa watu wa maana.

Kwa miezi mitatu tulifanya kazi kubwa ya kuelimishana mambo ambayo kila mmoja wetu alikuwa anayajua. Kipkoech, daktari wa mifugo kutoka Lugari, alikuwa akituma picha za ndama wanaozaliwa vibaya, na alizituma saa saba mchana, watu wakiwa na tonge la obusuma, ugali wetu, mkononi. Walimu wa kemia walibishana wiki nzima kuhusu nukta. Mimi, kama msimamizi mkuu, nilikuwa nikiwaonya watu kwa kutumia kifungu cha katiba. Mkulima hakuwemo hata mmoja.

Kisha nikaanza kutengeneza video. Ya kwanza ilitazamwa mara kumi na moja, na mara nne kati ya hizo nilikuwa mimi, nikiangalia kama kola imekaa vizuri. Mhariri wangu alikuwa Shantel, binti wa miaka ishirini na minne anayeshughulika na magonjwa ya mimea, na ambaye ndiye peke yake kwenye kundi aliyejua kukata na kuunga video.

"Madam," aliniambia, "usikasirike. Unaongea kama unasoma matangazo ya vifo redioni."

Sikukasirika. Nilinyamaza siku mbili tu.

Video ya tatu ndiyo iliyoniletea haya ninayowasimulia. Ilikuwa Februari, mwaka juzi, wakulima wakitayarisha mashamba kungojea mvua. Vipimo vya Navakholo vilikuwa vimeonyesha tatizo lile lile kila mara: udongo una asidi nyingi, mahindi hayali mbolea hata ukiiweka kwa gunia, na dawa yake ni chokaa ya shambani. Safari hii niliapa kuongea lugha ya watu. Nikafungua kamusi, nikakuta neno tindikali. Nikalitamka mara kadhaa mbele ya kioo nikaona ni zito, linafaa mtihani. Nikaamua kusema asidi, neno ambalo kila mtu analijua.

Tatizo ni kwamba kweli kila mtu analijua. Asidi kwa mtu wa kwetu ni ile ya betri ya gari, inayotoboa suruali. Ni ile mtu anayomwagiwa usoni kwa sababu ya wivu. Mimi nikasimama mbele ya kamera, na shati nililopiga pasi upande wa mbele pekee, nikatangaza: "Ndugu zangu wa Navakholo, mashamba yenu yana asidi kali. Asidi hii imeongezeka mwaka hadi mwaka, na inaunguza mizizi ya mahindi yenu mkiwa hamna habari." Baadaye, kwa dakika sita, nikaeleza chanzo na dawa.

Siku ya pili video ilikuwa imetazamwa mara elfu tatu. Siku ya nne, elfu arobaini. Nikachanganyikiwa kwa furaha. Nilienda sokoni Lubao kununua kuku nisiyemhitaji, nitembee polepole watu wanione. Na kweli mama mmoja wa ndizi akanikazia macho.

"Si ni wewe wa asidi?"

"Ni mimi," nikasema, nikitabasamu kama mgombea wa kiti.

Hakutabasamu. Akavuta ndizi zake karibu naye.

Jioni hiyo senge akanipigia simu. Huwa anaanza kwa kuuliza habari za watoto, lakini siku hiyo hakuuliza.

"Rachael, ni nani amemwaga asidi kwa mashamba yetu?"

"Hakuna aliyemwaga, senge. Ni ya udongo wenyewe."

"Hapa wanasema ni Barasa. Wanasema daktari wa serikali amepima na amepata. Huyo daktari nikamwangalia kwa simu ya watu, nikaona ni wewe."

Barasa alikuwa fundi wa betri. Duka lake la mabati lilikuwa kando ya kijito, na kwa miaka ishirini alikuwa hapo: alichaji betri za watu kabla umeme haujafika, na baada ya kufika akaendelea na za magari na pikipiki. Mtu fulani alikuwa amekata zile sekunde kumi na tisa za mwanzo za video yangu, akatia muziki wa kutisha, akazisambaza. Dakika sita za chanzo na dawa hakuna aliyeziona. Wateja walikuwa wamemkimbia. Mke wake alikuwa amefukuzwa chemchemini asichafue maji. Usiku uliotangulia, watu walikuwa wamerusha mawe juu ya bati lake.

Nilikaa kitini, simu mkononi. Kisha nikafanya jambo la kijinga kuliko yote: nikaifuta video. Kufikia asubuhi habari zilikuwa zimebadilika, na sasa zilisema, "Wameifuta! Serikali inaficha!"

Nikakimbilia kundini. Hapo ndipo nilipotegemea sana wenzangu, wasomi sitini na watatu. Niliomba tuandike taarifa ya kufafanua. Kila mtu akachangamka. Mwalimu mmoja akataka neno hili, mwingine akalipinga, mpimaji wa maji akataka jedwali. Kwa siku tatu tuliandika rasimu kumi na saba, zote kwa Kiingereza, na mimi nikiwa mstari wa mbele kusahihisha koma. Siku ya tatu Kipkoech, ambaye kwa kawaida alituma ndama tu, akatuma sauti.

"Rachael, huyo mzee Barasa hatasoma rasimu zetu. Chifu ameita baraza Alhamisi. Mimi nitakuja na gari langu. Twende tukaongee na mdomo."

Ningependa kusema nilikubali kwa ujasiri. Ukweli ni kwamba nilitafuta kifungu cha katiba cha kunizuia, nikakikosa.

Alhamisi tukaenda watatu: Kipkoech, Shantel na mimi. Uwanja mbele ya ofisi ya chifu ulikuwa umejaa, wanawake upande mmoja na wanaume upande wa pili, na wenye bodaboda wamekaa juu ya pikipiki zao nyuma. Barasa alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi la watu sita. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka sitini hivi, na kofia yake ilikuwa mapajani.

Chifu akanikaribisha. Nikafungua chati niliyokuwa nimechora, yenye rangi ya upinde wa mvua kutoka nyekundu hadi zambarau, nikaanza. Nilieleza vipimo. Nilieleza chembechembe. Watu walikuwa kimya, na mimi, kwa ujinga wangu, nikadhani ni kimya cha kuelewa. Mwishowe mwanaume mmoja akainua mkono.

"Daktari, asante. Sasa tuambie, ni nani aliimwaga?"

"Haikumwagwa. Udongo ukiwa hivi, kuna madini yanayojitokeza na kuumiza mizizi. Yanaitwa aluminiamu."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye miwa. Mama mmoja akasimama. "Aluminiamu si ni ya sufuria?"

"Ni hiyo hiyo, lakini..."

"Kwa hivyo ni sufuria zetu zinatuua?"

Kwa dakika moja nilikuwa nimemwokoa Barasa na kuwashtaki wanawake wote wa Navakholo. Shantel akafunika uso kwa mikono. Kipkoech akawa anaangalia viatu vyake. Mimi niligeuza chati juu chini nikidhani labda upande huo utasaidia.

Hapo senge Teresa akasimama. Hakuwa ameombwa. Alikuja kwa sababu alijua nitaharibu, kama alivyoniambia baadaye. Akafunga leso yake vizuri kiunoni, akanipita kama mtu anayepita kiti.

"Nyinyi," akasema, "uji ukilala kwa sufuria siku tatu unakuwanga namna gani?"

"Unachacha," wanawake wakajibu.

"Ni nani ameumwagia ndimu?"

"Hakuna."

"Na maziwa kwa kibuyu?"

"Yanachacha."

"Ni Barasa ameyachachusha?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kujizuia.

"Basi udongo nao unachachanga. Tumelima mahindi, tumerudia mahindi, tumeweka mbolea ile ile tangu nikiwa bibi harusi, mvua imeosha utamu wote imepeleka mtoni. Umechacha. Na nyinyi wamama, mboga ya nyuma ya jikoni inakuwanga kubwa kwa nini? Si ni pale mnapomwaganga jivu? Jivu linatoa uchachu. Hiyo chokaa anayoimba huyu mtoto ni kama jivu, lakini ya shamba kubwa." Akanigeukia. "Ni hivyo, ama nimedanganya?"

"Ni hivyo, senge."

"Si basi ungesema?"

Miaka kumi na minne ya kazi, kurasa tisa za katiba, na rasimu kumi na saba zilikuwa zimeshindwa na uji. Nilitaka ardhi inimeze, na wakati ule nilikuwa najua hata uchachu wake.

Chifu akamuuliza Barasa kama ana neno. Akasimama taratibu, kofia mkononi.

"Mimi nimeelewa hiyo ya uji," akasema. "Ni nzuri. Lakini yale mawe yalipiga bati langu hayakuwa ya uji. Na mke wangu amechota maji mbali siku sita. Daktari alisema kwa simu, watu wote wakasikia. Sasa ananitetea hapa, watu mia moja. Wale wengine nitawaambia mimi?"

Nikaenda pale kwenye benchi lake, nikakaa, na nikamwomba msamaha mbele ya watu. Nikamwambia sikumtaja, lakini nilichagua neno bila kuuliza mtu yeyote litasikika vipi, na nikapenda umaarufu wake kabla sijajua limefanya nini. Wakati huu sauti yangu haikufanana na matangazo ya redio. Barasa akasikiliza, kisha akasema, "Sema hivyo hivyo kwa simu. Mimi nikiwa hapo."

Shantel akarekodi. Barasa akakataa tuketi uwanjani, akataka dukani kwake, bati lililobonyea lionekane. Kabla hatujaanza akaniambia nipime udongo wa mlangoni pake, ili nisiseme jambo nisilolijua tena. Nilikuwa na kifaa kwenye begi. Nikapima huku na kule, majibu yakawa sawa na ya mashamba mengine. Lakini pale alipokuwa akimwaga asidi ya betri kuukuu, kando ya kizingiti, nilipata kipande cha ardhi chenye ukubwa wa mlango kilichoungua kweli kweli. Hata nyasi hazikuota.

Nilitamani sana nisingekipata. Nikaanza kufikiria namna ya kukiacha nje ya video, kwa ajili yake, au tuseme kwa ajili yangu.

"Umepata nini?" akauliza.

Nikamwonyesha.

Akakiangalia. "Hapo nimemwaga miaka ishirini. Weka kwa simu. Sema ni hapo tu, na sema nitaweka simiti. Nikisema yote, watakuja kuniuliza nini?"

Ndivyo tulivyofanya. Video ilitoka siku hiyo hiyo, ikakaa. Baada ya siku mbili ilikuwa imetazamwa mara mia tisa. Ile ya uongo bado ilikuwa inatembea nchi nzima, na mtu alikuwa ameitafsiri kule ambako sijawahi hata kufika.

Hapo ndipo kundi langu la wasomi, ambalo nimelicheka vya kutosha, lilipoamka. Aliyeliamsha ni Kipkoech. Aliandika kwa Kiswahili, mara ya kwanza: kila mtu kwenye kundi hili yuko kwenye makundi mengine, ya kanisa, ya msikiti, ya chama, ya ushirika wa maziwa, ya wazazi wa shule. Arekodi sauti ya dakika moja, kwa lugha anayoongea nyumbani, aipeleke kwa watu wanaomjua. Yeye akatangulia kwa Kinandi, akawatumia wafugaji wake Lugari. Muuguzi mmoja akarekodi Kinyala. Mwalimu wa kemia, yule wa nukta, akarekodi Kiwanga huku kuku wakilia nyuma, na ile yake ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Ndani ya wiki moja nilikuwa nimesikia habari ya uji uliochacha katika lugha ambazo sikujua wenzangu wanazijua. Mke wa Barasa alirudi chemchemini Jumanne iliyofuata. Wateja walirudi mmoja mmoja. Wengine hawajarudi hadi leo, na hilo sina la kulifanyia.

Katiba tuliitupa. Ilibaki sheria moja: hakuna kinachotoka kabla mtu asiye mwanasayansi hajakisikiliza na kukieleza kwa maneno yake. Tukatafuta mtu wa kazi hiyo, na nilipomwendea Barasa nilitegemea anifukuze. Akasema atafikiria, akafikiria wiki tatu, kisha akaingia kundini, na kutoka siku hiyo hatujapata raha. Daktari wa mifugo akituma maelezo, Barasa anajibu: "Sijaelewa. Rudia." Mtafiti wa wadudu akituma, anajibu: "Huyu mdudu anakula nini? Anza hapo." Sasa tuko mia mbili na kumi, na nusu ni watu wasio na cheti chochote: mafundi, wauzaji wa mbegu, mama mmoja wa ndizi kutoka Lubao.

Mimi bado huitwa Madam Asidi. Mjini, sokoni, hata kanisani wakati wa kutoa matangazo. Mwanzoni nilijaribu kuwasahihisha watu, nikawaeleza jina langu ni Rachael Musimbi na nafasi yangu kazini ni ipi. Waliitikia vizuri, wakaniita Madam Asidi Musimbi.

Majuzi tulikuwa tunatayarisha maneno kuhusu kuvu wa mahindi, ule unaoota mahindi yakihifadhiwa yakiwa na unyevu. Nilikuwa nimejitahidi. Sikutumia neno hata moja la maabara. Nikamtumia Barasa, nikangoja nikiwa na uhakika. Akakataa. Nikarekebisha, akakataa tena. Mara ya tatu nikampigia simu, nikiwa nimekasirika kidogo, nikamuuliza ni neno gani hasa limemshinda.

"Hakuna neno limenishinda, daktari. Nimeelewa yote."

"Sasa unakataa nini?"

"Unasema yakiota kuvu watu watupe. Mtu ana magunia mawili na watoto watano. Atatupa? Hujasema afanye nini ndiyo yasiote."

Nikafungua tena karatasi yangu. Kweli, kukausha nilikuwa nimekuweka mwisho kabisa, mstari mmoja, kama mtu anayekumbuka kuaga akiwa tayari njiani. Nikakata ukurasa wote, nikaanza na turubai, jua, na namna ya kutikisa punje kwenye chupa yenye chumvi kavu ili kujua kama zimekauka: chumvi ikigandia chupa, bado. Nikamtumia.

Alijibu baada ya saa moja. "Hii iende," akaandika. Kisha, kwa kuwa namjua sasa, nikangoja, na ujumbe wa pili ukaja: "Lakini asisome Madam. Asome Shantel."